Fidla ya taarabu na kompyuta

Nimerudi darasani nikiwa mtu wa makamo mwenye wajukuu, na somo nililolichagua ni kuunganisha fidla ya taarabu na sauti za kielektroniki. Wenzangu wengi wana umri wa wanangu, nao ndio walionifundisha kurekodi kwa kompyuta.

Ugumu mkubwa umo katika sauti zenyewe. Kinanda cha umeme hugawa oktava katika sehemu 12 zilizo sawa, ilhali taarabu yetu ya Mombasa, iliyochota mengi katika muziki wa Kiarabu, hutumia maqamu, yaani ngazi za sauti, ambazo baadhi ya sauti zake huangukia katikati ya funguo mbili. Katika maqamu ya Rast inayoanzia do, mi haiwi mi ya kinanda wala mi bemoli (mi iliyoshushwa nusutoni, yaani hadi ufunguo wa jirani), bali huwa kati ya hizo mbili. Shingo ya fidla ni laini, haina vigawanyo, kwa hiyo kidole huifikia sauti hiyo bila taabu. Kompyuta lazima iamrishwe. Naishusha mi kwa senti 50 hivi, yaani nusu ya nusutoni, kisha nairekebisha kwa sikio.

Chini ya fidla naweka besi nzito isiyobadilika, na juu ya besi hiyo tu fidla huanza taksimu, yaani upigaji wa kubuni papo hapo. Sipendi mapigo ya mashine yaingie mapema, maana huibana taksimu, ambayo uhai wake ni kutofungwa na mwendo uliopimwa. Sasa nashughulikia mapigo ya chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani, na mwalimu ameniruhusu nirekodi ngoma zenyewe Mji wa Kale badala ya kuzitengeneza kwenye programu.