Mama na Maprofesa Wawili wa Nanjing

Juzi tulikwama kwenye foleni pale Tazara, binti yangu akanyoosha kidole kwenye jengo la stesheni: "Baba, hii reli ni ya Wachina?" Nikamwambia ni yetu na Wazambia, Wachina walijenga. Akaridhika, akarudi kwenye embe lake. Mimi kimawazo nikabaki Nanjing, kule China.

Enzi zangu za Kituo cha Hopkins-Nanjing, kile ambacho Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na Chuo Kikuu cha Nanjing wanakiendesha pamoja tangu 1986. Mmarekani anasoma kwa Kichina, Mchina anasoma kwa Kiingereza, usiku wanalala chumba kimoja. Sisi wa kwingineko tulihesabiwa upande wa Wamarekani, hata tukiwa tumetoka Njombe.

Mchana mmoja walikuja wataalamu wawili, mmoja wa kila upande, kujadili misaada kwa Afrika. Kila mmoja akasoma karatasi yake hadi mwisho. Mmarekani akafungia na methali ya tembo na nyasi, na ukumbi mzima ukanigeukia. Basi nyasi ni mimi.

Nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa na takwimu zangu za reli ya Tazara: kilomita 1,860, ujenzi wa 1970 hadi 1975, mkopo usio na riba. Zote zikayeyuka, nikajikuta namsimulia mama.

Mama yuko Makambako, ananunua viazi na maharage anapeleka Dar. Hapo ndipo reli ya Wachina inapokutana na barabara ya Tanzam, ile ya Tanzania na Zambia, ambayo Wamarekani walilipia sehemu yake miaka ileile. Mama hana habari na hayo. Alfajiri anakaa juu ya magunia, kanga kichwani kwa baridi, anampigia simu mtu wa stesheni: treni imeshatoka Mbeya? Kama bado, anasimamisha lori. Anapanda kinachotangulia kufika.

Kalamu mbili zikaanza kuandika. Bado naziona: ya Mchina nzito, ya wino, ya Mmarekani ya bei poa, kifuniko kimetafunwa. Mchana kutwa hazikuwa zimeandika pamoja. Kisha Mmarekani akauliza gunia linatozwaje kwenye treni. Mchina akauliza habari za barabara, nikamweleza Mlima Kitonga na malori yanayofeli breki, akawa anatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kuliendesha.

Haikudumu. Mmarekani akasema mnaona, reli isiyotunzwa. Mchina akasema mnaona, miaka yote hiyo na bado inatembea. Mama akawa ushahidi wa pande zote mbili, wakaenda kunywa chai. Labda mazungumzo ya wakubwa ndivyo yalivyo, dakika chache za maswali ya kweli katikati ya karatasi. Au labda nilijifurahisha tu.

Usiku nikampigia mama, nikamwambia maprofesa wa mataifa makubwa wameandika maneno yake.

"Wamesema nauli itashuka?"

Nikamwambia hilo halikuwa kwenye ratiba.