Kosa lilikuwa kwenye seva yangu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kuwahudumia watumiaji wasioona ni kazi ya wenzangu wanaounda kurasa. Mimi nilikuwa mtu wa seva na hifadhidata tu.

Halafu nikakaa kando ya mtumiaji asiyeona, anayetumia NVDA, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini), akijaribu fomu yetu ya maombi. Lebo zote zilisomeka vizuri. Akajaza kwa uvumilivu, akatuma. Seva yangu ikajibu: "Ombi si sahihi." Basi. Anayeona angepitisha macho akagundua tarehe imekosewa. Yeye ilimbidi arudi juu asikilize sehemu moja baada ya nyingine. Kabla hajaipata, dakika 15 nilizoweka kuwa kikomo cha muda zikaisha, akatolewa nje, na yote aliyoandika yakapotea. Aliniuliza kama aanze upya. Nilikosa la kumjibu.

Nilianza na makosa. Sasa seva inarudisha jina la kila sehemu yenye kasoro pamoja na namna ya kuirekebisha, kwa mfano "Andika mwaka kwa tarakimu nne." Mwenzangu akaunganisha kila ujumbe na sehemu yake kwa aria-describedby, alama ya msimbo wa ukurasa inayoonyesha maelezo ya sehemu fulani yako wapi, hivyo kisoma skrini huusoma mtumiaji anapofika hapo. Yaliyojazwa hurudi yalivyokuwa, isipokuwa nenosiri.

Suala la muda lilikuwa gumu zaidi, maana watu wa usalama nao walikuwa na hoja. Tulirejea WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu: njia mojawapo unayoikubali ni kumwonya mtumiaji kabla muda haujaisha, kumpa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi, na kumruhusu afanye hivyo angalau mara kumi. Tukafanya hivyo. Zaidi ya hapo, seva huhifadhi rasimu kila sehemu inapokamilika. Hata akitolewa, akiingia tena anaikuta kazi yake.

Maelezo ya picha nayo nikayafanya ya lazima kwenye hifadhidata, isipokuwa picha ya pambo tu. Kila makala ikapewa alama ya lugha yake, Kiswahili kisisomwe kwa matamshi ya Kiingereza.

Tulimwalika tena. Alikosea tarehe kama mwanzo, akasikia ujumbe, akarekebisha, akatuma. Kisha akafungua risiti ya PDF inayotengenezwa na seva, na kisoma skrini kikanyamaza. Hiyo ndiyo ninayoishughulikia wiki hii.