Bodi ilipitisha, marehemu wakakwamisha

Mimi ni mjumbe wa bodi ya AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, huku Newala, na naandika nikiwa bado na kinyongo na watu wawili watatu walionishauri tulipotaka kubadilisha sharti la chama. Wote walikuwa na wimbo mmoja: "Bodi si imeshapitisha? Kuna nini tena?"

Kuna mengi.

Tulikuwa na sharti la zamani linalosema mwanachama akifa, mrithi wake anaanza upya. Kiingilio upya, hisa upya, kana kwamba na mikorosho imeota jana. Bodi tukakaa, tukaandika lingine: mrithi aliyetajwa ahamishiwe hisa za marehemu bila kiingilio, mradi ajitokeze ndani ya miezi 6. Kikao kiliisha chai haijapoa. Nikajifunga kitenge kipya, nikapanda bodaboda mpaka wilayani na muhtasari wangu kwenye bahasha. Ofisa ushirika akausoma mpaka chini, akageuza karatasi akatazama nyuma, akaniuliza taratibu: "Mama, na wa mkutano mkuu uko wapi?"

Bodi inapendekeza tu. Wanaobadilisha masharti ni wanachama wenyewe kwenye mkutano mkuu, na hata wakishapiga kura, badiliko halina nguvu mpaka Mrajis wa Vyama vya Ushirika alisajili. Yote hayo yamo kwenye Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ambayo nakala yake nilikuwa nayo kabatini, chini ya risiti za salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi Dar akanitaka nikae mezani, niuandike mwenyewe muhtasari wa huo mkutano mkuu na kugonga muhuri. Huyo ndiye wa kwanza kwenye kinyongo changu.

Tukaitisha mkutano. Mwezi Juni! Watu wako mashambani, mabomba mgongoni, wanapuliza salfa, sisi tunawaita waje kusikiliza vifungu. Walifika 137. Kabla hata dua haijasomwa, mwalimu mmoja mstaafu akanyoosha mkono: "Mwenyekiti, akidi?" Masharti yetu yanadai nusu ya wanachama na mmoja zaidi, na daftari lilikuwa na majina 418. Hatukuwa na la kujibu. Wali ulikuwa umeshaiva, kwa hiyo tukala wali wa mkutano ambao haukufanyika. Laki mbili na ushee zilikwenda hivyo.

Wengine wakasema tupunguze akidi. Sawa, lakini akidi nayo ni sharti, na kulibadilisha kunahitaji akidi! Nilikwenda kulala na kichwa kinauma.

Usiku huo nililichukua lile daftari ili nione kina nani hawakuja. Jina la tisa lilikuwa la babu yangu mzaa mama. Nilikuwepo kwenye maziko yake, nilipika mimi. Nikaendelea kufungua kurasa na tochi ya simu: huyu marehemu, huyu marehemu, huyu kaandikwa mara mbili, mara kwa jina la baba, mara kwa jina la ukoo. Chama kilikuwa kinawasubiri watu wa makaburini ndiyo kifungue mkutano.

Na hapo sikuhitaji kumfuta mtu. Masharti yetu yenyewe yanasema uanachama unakoma kwa kifo, kwa hiyo ilikuwa kusahihisha hesabu tu. Nilipita nyumba kwa nyumba na karani, kila jina likathibitishwa na mtendaji wa kijiji, bodi ikapokea kwa maandishi. Marehemu 71, majina ya kujirudia 38. Tukabaki 309, akidi ikawa 155. Nyumba moja tu ilinishinda. Mama mmoja mjane alikaa mlangoni akaniambia, "Mwanangu, usimfute. Korosho zote napima kwa jina lake, nikizungumza na karani nazungumza kama yeye." Nikamweleza ndiyo maana tunataka sharti libadilike. Akanitazama kama anayetazama mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kinyemela nje ya chama.

Mkutano wa pili tuliuweka mwishoni mwa Septemba, minada haijafunguliwa. Siku 14 kabla nilibandika karatasi pale penye mizani: kushoto sharti lilivyo, kulia litakavyokuwa. Asiyejua kusoma alisomewa na jirani, na wakabishana mpaka wakachoka, ndiyo faida yake. Wakaja 181.

Halafu nikaharibu. Nilijiona mjanja, nikataka kura ya siri ya bei rahisi: kila mwanachama akisaini mahudhurio anapewa korosho ghafi moja, anaingia nyuma ya ghala, anatumbukiza kwenye ndoo ya bluu akikubali, nyeupe akikataa. Nani atakula korosho yenye ganda? Nilijisifu kwa karani. Tukamwaga ndoo, tukahesabu: korosho 203. Watu 181! Nilisahau kwamba Septemba, Newala, hakuna mfuko usio na korosho mbili tatu zilizookotwa njiani. Mzee mmoja akapiga kelele, "Hii kangomba ya kura!" Uwanja mzima ukalala kwa kicheko, na ofisa ushirika akajifuta machozi kwa leso.

Tukarudi kwenye la kawaida. Mistari miwili uwanjani, na kila mstari unahesabiwa na mtu wa upande wa pili. Ndiyo 139, hapana 36, na sita waligoma kunyanyuka chini ya mwembe. Tulihitaji theluthi mbili ya waliohudhuria, yaani 121. Nikaziandika namba zote kwenye muhtasari, na wale sita pia. Katikati mtu alitaka tuchomeke posho ya wajumbe humohumo. Mwalimu mstaafu akamkatalia, kwamba haikuwemo kwenye taarifa. Siku ile nilimpenda yule mzee.

Barua ya Mrajis ilichukua muda wake. Ilipofika, wa kwanza kuja ofisini alikuwa yule mama. Nikaandika jina lake, nikachukua rula nimpigie mstari mumewe. Akanishika mkono, akaniambia nitumie penseli.