Lumbesa ndani ya setilaiti

Baba yangu analima viazi Lushoto, na ugomvi wake wa kila msimu ni mmoja: gunia. Yeye akisema gunia ana maana ya kilo mia. Mchuuzi wa lori akisema gunia ana maana ya lile lililoongezewa wavu juu, likashonwa kwa kamba hadi likatoa kichogo. Lumbesa. Bei ni ya gunia moja. Sheria inasema mwisho kilo 100, lakini mzani shambani haupo.

Nilimkumbuka wiki iliyopita huku Uholanzi, kwenye kikao kilichochukua saa tatu kuhusu tungamo, yaani kilo, la setilaiti ndogo.

Mimi ni mhandisi wa mifumo. Siku hizi setilaiti husanifiwa kwa modeli moja ya kompyuta, na wa umeme, wa joto, wa muundo na wa programu wote huchota humo. Ndivyo tunavyomwambia mteja. Ukija ofisini utakuta kila mmoja ana modeli yake, na zinaunganishwa kwa faili la Excel ambalo mwenyewe alishaacha kazi.

Setilaiti yetu ina magurudumu manne yanayozunguka ndani ili kuigeuza. Moja lina gramu 900. Modeli ya muundo inayo yote manne, kila moja na mahali pake. Modeli ya umeme ina gurudumu moja tu, yaani aina ya gurudumu, na pembeni imeandikwa idadi: 4. Faili likasoma moja. Kilo 2.7 zikayeyuka. Kwingine mambo yakavimba: mtu wa muundo alishaongeza akiba ya asilimia 20, yaani nyongeza ya tahadhari kifaa kikija kuwa kizito zaidi, kama ilivyo desturi kwa kifaa kipya kabisa, na faili nalo likaongeza akiba ileile tena. Kilo 10 zikawa 12, kisha 14.4. Kichogo hicho.

Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja alisema "tungamo" na kila mmoja alikuwa na lake.

Dawa yake inaitwa ontolojia, jina la kutisha bure. Ni makubaliano ya maana yaliyoandikwa kiasi kwamba kompyuta yenyewe inaweza kuyakagua. Waraka wa Ulaya wa ECSS-E-TM-10-25 umeshatenganisha kifaa kilivyofafanuliwa na kifaa kinavyotumika: ufafanuzi mmoja, matumizi manne. Shirika la anga la Ulaya, ESA, nalo lina juhudi ya OSMoSE ya kujenga ontolojia ya pamoja, kwa njia ya ORM (Object-Role Modeling), ninayoipenda kwa sababu inaanzia kwenye sentensi za kawaida ambazo fundi anaweza kuzikubali au kuzikataa. Yetu ya kwanza ilikuwa hii: "Gurudumu namba 3 lina tungamo la gramu 900, lililopimwa, bila akiba." Sentensi fupi, ikatula saa nzima. Je, gurudumu laweza kuwa na tungamo mbili? Laweza: la makadirio na la mzani. Na likiwa bado halijanunuliwa, namba 3 ni kitu gani hasa?

Watu hupenda kutaja Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA cha kwenda Mirihi kilichopotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba za nguvu kwa pauni na nyingine ikasubiri nyutoni. Mimi naona huo ni mfano mwepesi. Kizio unaweza kukiandika pembeni ya namba. Akiba iliyokwisha kuongezwa haiachi alama yoyote.

Jumapili nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamsimulia. Akacheka sana kusikia wasomi nao wana lumbesa, kisha akauliza: "Sasa mmeandikiana. Mzani nani anaushika?"

Hilo hatujalijibu. Wa muundo wanautaka, wa umeme wanautaka, na mteja naye ana ontolojia yake. Jumatano tunaanza neno "hali": wa umeme amehesabu hali sita za setilaiti yetu, wa programu kumi na moja.