Siku moja na mtu wa lab Kigoma (hapana, sipimi mtoto ni wa nani)

Saa kumi na moja na nusu niko macho, chai na muhogo, bajaji toka Gungu, saa mbili nishavaa glovu. Hadi saa nne ni kushika pipeti tu na mgongo unauma. Nikaweka sampuli kwenye mashine ya PCR, ile inayonakili DNA mara nyingi mpaka ionekane.

Hapo ndo kaingia baba mmoja na bahasha ya kaki. "Dokta, nipimie DNA ya mwanangu." Ndani kuna nywele kafunga kwenye karatasi ya daftari, za kukata na mkasi, hata mzizi hazina. Nikamwambia baba yangu, ubaba ni mambo ya Mkemia Mkuu wa Serikali, sheria ipo toka 2009, sisi hapa tunatafuta virusi. "Si mashine ya DNA hiyo naiona?"

Nikaona nimpe stori. Mwaka 1999 watafiti wa Mount Sinai, New York, waliandika ujumbe wa siri kwa DNA, kila herufi ikawa vijiherufi vitatu kati ya A, T, G na C, zile herufi za DNA, wakauchanganya na DNA kibao ya binadamu, wakaudondoshea kwenye nukta ya karatasi ya chujio, wakaikata na kuibandika juu ya nukta ya barua ya kawaida na kuituma posta. Ujumbe wenyewe ulitaja uvamizi wa Normandy. Ukiikamata hiyo barua utaona nukta tu, na hata ukijua siri iko pale huwezi kuitoa bila praima, vile vipande vifupi vinavyoiambia PCR ianzie wapi kunakili. Praima ndo ufunguo.

Kanyamaza. "Kwa hiyo ufunguo unao wewe?"

"Wa virusi tu, baba."

"Basi agiza wa mwanangu."

Jamani. Saa nzima yuko dirishani, watu wa foleni nao wanachangia, mama mmoja anayewajua anamwambia mbona wewe na mtoto mmefanana masikio, na katikati ya hilo soo umeme ukakata, mashine iko mzunguko wa 31 wa kunakili kati ya 40, betri ya akiba ikalia mara mbili ikafa. Kazi yote ya asubuhi imeenda, naanza upya sampuli moja moja, chakula sijala, sijui ilikuwa saa ngapi.

Majibu yametoka giza lishaingia, yote yamesoma vizuri, nikasaini. Nafunga dirisha nakuta bahasha ya kaki pale pale, kaiacha. Nimeitia drooni.