Mkoromo si usingizi

Mara ya kwanza kuwafundisha vijana wa bodaboda Kisauni, Mombasa, namna ya kumwokoa aliyezidiwa na unga, yaani heroini, nilikwenda na projekta. Dakika kumi hazijaisha, wawili wamesinzia na wa tatu katoka kupokea simu ya abiria. Hakurudi.

Safari ya pili nikaiacha projekta nyumbani, nikaja na kijana wa maskani, mtumiaji aliyewahi kuzidiwa na kurudishwa uhai mara mbili. Akawauliza: "Mkimkuta mtu anakoroma kichochoroni mchana kweupe, mtafanyaje?" Wakajibu watamwacha alale. "Basi mwenzangu alikufa hivyohivyo." Hapo wote wakanyamaza.

Heroini huilaza sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi, kwa hiyo mtu hufa kwa kukosa hewa. Ule mkoromo mzito wa kukatikakatika ndio dalili, pamoja na mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano. Kwa ngozi zetu nyeusi, usingoje uso ugeuke rangi: tazama midomo, fizi na kucha. Maji baridi, vibao, sindano ya maji ya chumvi, zote hizo ni kupoteza muda. Anachohitaji ni kupuliziwa pumzi moja kila sekunde 5, na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini.

Sindano tulijifunzia kwenye machungwa. Kilichotutesa ni kichupa chenyewe. Mmoja alijikata kidole akikivunja shingo, tangu hapo tukawa tunakizungushia kipande cha leso kwanza. Miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, hata juu ya suruali. Dakika 2 au 3 zikipita kimya, unaongeza ya pili, huku pumzi haikatizwi.

Walichohofia zaidi ni polisi: nani atembee na sindano mfukoni? Sikuwa na jibu zuri. Tukakubaliana kiboksi kikae kwa mama wa chai pale stejini, na kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa makini kuliko wote.

Miezi kadhaa baadaye simu ikalia usiku. "Dada, ameamka, lakini ananitukana. Anasema nimemkatia stimu na pesa yake imepotea bure."

"Usimwache aende kutafuta nyingine. Dawa yetu inaweza kuisha nguvu ndani ya nusu saa, unga bado umo mwilini. Boda yako iko na mafuta?"

"Iko."

"Mpandisheni, mmoja amshike kwa nyuma. Tukutane hospitali."

Nikaanza kutafuta viatu gizani.