Zamu ya saa 12 na mgonjwa asiyeweza kukohoa

Saa 12 asubuhi nanawa mikono, navaa barakoa ya N95, nabana waya wa puani, kisha navuta na kutoa pumzi nikisikiliza kama hewa inapenya pembeni. Ikipenya, naanza upya. Wengi hudhani kumhudumia mwenye ugonjwa wa nyuroni za mwendo, yaani MND, ni kulisha na kufuta mate. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga la UVIKO-19 tarehe 11 Machi 2020, nusu ya kazi ni kuilinda pumzi.

Ugonjwa huu hauli mapafu. Huua neva zinazoamrisha misuli, ya kupumua ikiwamo. Mapafu ni mazima ila mvukuto umechoka. Virusi ambavyo kwa mwingine ni wiki ya kikohozi, kwa mgonjwa wangu ni makohozi asiyoweza kuyatoa, naye anajua.

Swali la kwanza: kichwa kinauma? Kikiuma alfajiri, huenda kaboni dioksidi ilijikusanya usiku, pengine kwa sababu barakoa ya mashine inayomsaidia kupumua ilivuja. Akitazama juu, ni ndiyo. Barakoa yangu inaficha midomo na sauti yake imefifia, kwa hiyo ubao wa herufi hautoki kitandani.

Saa 1, mashine ya kusaidia kupumua. Barakoa zake za kawaida zina vitundu usoni, na kila pumzi inayotoka hunyunyizwa chumbani. Tunatumia isiyo na vitundu. Mpangilio kuanzia usoni: barakoa, kichujio cha virusi, kiungio chenye tundu la kutolea hewa, mpira, mashine. Kichujio lazima kitangulie tundu. Anayebadili barakoa akasahau kiungio anamfanya mgonjwa avute tena hewa aliyoitoa, na mashine inavuma tu kama kawaida. Kifaa cha kupasha unyevu nimekichomoa, maana mvuke hulowesha kichujio na pumzi ikawa nzito. Kichujio nakibadili kila saa 24, au mapema kikilowa. Mashine nawasha barakoa ikiwa imeshakaa usoni, nazima kabla ya kuivua.

Kuoga, kugeuzwa, riluzole (dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa) miligramu 50, chakula kwa mpira wa tumboni akiwa ameinuliwa, maji ya kuusafisha, kisha saa nzima bila kulazwa. Hayo hayana hadithi.

Saa 4 na dakika kadhaa kipima oksijeni ya damu cha kidoleni kinasoma asilimia 92. Kawaida yake ni 96. Ni makohozi.

Kasi ya hewa ya kikohozi ikiwa chini ya lita 270 kwa dakika, mafua tu yanaweza kumlemea mtu; chini ya 160 kikohozi hakitoi kitu. Wakati wa janga kliniki nyingi zilisitisha vipimo vya kupuliza kwa sababu vinatawanya virusi, na miadi ikahamia kwenye simu. Simu haipimi kikohozi. Nabaki kuangalia misuli ya shingo inavyovutika na maneno yanavyokatika.

Wengine nje, mlango umefungwa, dirisha wazi, ngao ya uso juu ya N95. Mashine ya kukohoza husukuma hewa ndani kisha huivuta ghafla. Yeye ameandikiwa shinikizo la sentimita 40 za maji kwenda na kurudi. Pumzi tano, nafyonza yaliyopanda, anapumzika, tunarudia. Barakoa ikivuja shavuni nguvu yote imepotea, kwa hiyo naikandamiza kwa mikono miwili. Koo nalo hujifunga hewa ikiingia kwa kishindo, hasa kwa wenye udhaifu wa koo. Hapo hewa huingizwa polepole, kwa shinikizo dogo zaidi, kadiri mtaalamu alivyoelekeza. Na dawa ya kukausha mate, inayosaidia kweli, hugeuza makohozi kuwa gundi ikizidi. Raundi ya tatu: 92. Ya nne: 93.

Nikipiga namba ya dharura, jibu ni: mpe oksijeni, mlaze. Hili hunichosha kuliko kunyanyua mtu. Oksijeni peke yake hupandisha namba na kuficha ute ulioziba, huku kaboni dioksidi ikipanda kimyakimya. Ikihitajika iende pamoja na mashine. Akilala chali, kiwambo dhaifu, msuli mkuu wa kupumua, hubeba uzito wa tumbo. Ndiyo maana karatasi imebandikwa mlangoni: asilazwe chali, oksijeni peke yake hapana, mashine zake na ubao wa herufi aende navyo. Wodi zikizuia wasindikizaji, karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea.

Raundi ya tano inatoa donge. 95. Vichujio kwenye mfuko wa taka, barakoa kwenye maji ya sabuni, asiyevaa barakoa asiingie kwa nusu saa.

Mchana sijui umeisha saa ngapi. Mgeni anauliza mbona mgonjwa mwenyewe havai barakoa. Mate huilowesha, na akipaliwa hana mkono wa kuivua. Avae anayeingia. Wahudumu ni wawili tu, tumechanjwa. Mmoja akipata homa hagusi mlango, na mwenzake anaunganisha zamu.

Jioni namwambia anayenipokea: 95, raundi tano, koo linajifunga. Tunajaribu king'ora cha mashine kwa kuchomoa mpira, tunaangalia betri. Kengele naisogeza penye shavu la kulia, maana la kushoto halibonyezi tena.